Ijumaa Arobaini na Nane

Kama umepewa karatasi ya maabara iliyoandikwa homa ya ini C na hujui uifiche wapi, mimi yangu niliificha ndani ya mkebe wa sukari. Ilikaa humo siku tisa. Siku tisa nzima nilimpikia mume wangu chai isiyo na sukari, nikimwambia nimesikia sukari ni mbaya kwa watu wa umri wetu. Rashidi ni fundi cherehani, mtu mpole, akawa anakunywa bila kuuliza. Siku ya kumi akafungua mkebe mwenyewe.

Naanza na ujinga wangu ili usidhani unasoma maneno ya mjuzi. Naitwa Zena, naishi Kitale, nyumba ya tatu kutoka msikitini, na leo nimepona. Hilo nalo nalisema mapema ili usome ukiwa umetulia. Lakini katika ugonjwa ule kulikuwa na jambo lililonitesa kuliko ini langu, nalo ni binti yangu Mwanaidi. Nilikuwa na hofu kwamba nimemwambukiza kwa mikono yangu mwenyewe, na kwa muda mrefu hakutaka kupimwa tujue.

Wifi yangu alikuwa afanyiwe upasuaji, tukaambiwa jamaa tuchangie damu. Nikatoa. Nikapewa soda na biskuti, nikarudi nyumbani nikijiona mtu wa maana. Wiki mbili baadaye nikaitwa. Nilikaa kwenye benchi pamoja na akina mama wenye watoto wa kikohozi, nikidhani labda wanataka kunishukuru. Dada mmoja wa ushauri akaniingiza ndani, akafunga mlango, akaniambia taratibu, "Mama, damu yako hatukuitumia."

Sikuwa na maumivu yoyote. Nilikuwa na uchovu tu, na huo nilikuwa nimeuzoea miaka mingi nikiuita uzee. Yule dada akanieleza kwamba kipimo walichofanya kinaonyesha tu kwamba virusi viliwahi kuingia mwilini. Kuna watu ambao mwili wao huvifukuza wenyewe, na kuna wale ambao vinakaa. Kujua niko upande gani ilibidi damu ipelekwe Nairobi kwa kipimo cha pili. "Usijizike kabla ya majibu," akasema. Wakati huo watu walikuwa wanavuna mahindi. Majibu yalirudi mashamba yakilimwa upya, yakasema vimekaa.

Nyumbani wifi yangu, yule yule niliyemtolea damu, akaanza kuja na kikombe chake kwenye mkoba. Sikumlaumu, lakini kiliniuma kile kikombe. Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba homa hii haipiti kwenye vyombo, wala chakula, wala kukumbatiana; inapita damu kwa damu. Rashidi alichukua kikombe changu, chai ikiwa nusu, akainywa yote mbele ya dada yake, kisha akaomba nyingine.

Daktari wa maini alikuwa anakuja Bungoma mara moja kwa mwezi kutoka Eldoret. Siku ya kwanza tulimngoja tangu saa mbili mpaka saa nane. Alikuwa kijana, miwani imemteremka puani, akaniuliza maswali akiandika.

"Uliwahi kuwekewa damu?"

"Hapana."

"Kudungwa sindano na wale madaktari wa mitaani? Kuchorwa tattoo?"

"Tattoo mimi, daktari? Umri huu?"

Akacheka. "Basi kazi yako ni gani, mama?"

"Naumika watu."

Hakuelewa, ikabidi nimweleze. Kuumika ni kazi ya kutoa damu chafu kwa pembe ndogo ya ng'ombe. Unaibandika mgongoni au penye maumivu, unavuta hewa kwa mdomo kupitia tundu la juu, unaziba kwa nta. Ngozi ikishavimba unatoa pembe, unachanja kwa wembe mikato midogo, unairudisha ivute damu. Nilifundishwa na marehemu mama yangu. Wanawake wengi wa mtaa wetu walipita mikononi mwangu, Waislamu na Wakristo, wenye migongo, wenye vichwa, wenye mambo yao wasiyoyasema.

Daktari akataka kuona mikono yangu. Nilipopandisha mkono wa buibui, akaona alama chini ya kiwiko cha kushoto, nyingi, zimepangana. Akaanza kuzihesabu, akaacha.

"Hizi ni za nini?"

Ndipo nikamweleza desturi yetu. Mama alikuwa na wateja waoga. Mtu akiogopa wembe, mama alijichanja yeye kwanza, mkato mdogo tu, akamwonyesha na kumwambia, "Umeona? Hata kuku anadonoa kwa uchungu zaidi." Kisha aliupangusa wembe kwa pamba yenye spiriti, akaendelea na mgongo wa yule mtu. Mimi nilifanya hivyo hivyo miaka ishirini. Kwetu kumkata mwenzako bila kuanza na mwili wako ilikuwa kama kumpa chakula usichokionja. Nilikuwa najivunia zile alama.

Daktari aliweka kalamu chini. "Na wembe ulikuwa ule ule?"

"Ule ule. Lakini nilikuwa naupangusa."

"Mama, pamba haitoshi. Wembe ni wa mtu mmoja, halafu unatupwa. Na pembe ulizivuta kwa mdomo, sijui ulipata kwa nani wala lini, hilo hatutalijua. Lakini kutoka siku uliyopata, damu yako ndiyo ilikuwa inatangulia."

Sikumsikia tena. Nilikuwa namwona Mwanaidi akiwa na miaka kumi na minne, amelala kifudifudi kwenye mkeka wangu, analia kwa maumivu ya kichwa. Nilimuumika mara tatu mwaka ule. Kwa kuwa alikuwa mwanangu na alikuwa mwoga, nilijichanja mbele yake kila mara, na siku moja nilijichanja mara mbili.

Mwanaidi alikuwa ameolewa Bungoma, wanaishi vyumba viwili nyuma ya soko. Nilitoka kwa daktari nikaenda moja kwa moja kwake kabla moyo haujanirudisha nyuma. Akanikaribisha kwa furaha, akanimiminia chai, akaniambia ana mimba ya miezi mitatu. Nikanywa chai yote ndipo nikasema.

"Mama, si ulisema ni dawa?"

"Nilijua ni dawa."

"Sasa unaniambia nini? Ati mtoto wangu naye..."

"Sijui, mwanangu. Ndiyo maana nasema upimwe tu. Mimi nitakuwa na wewe."

"Wewe ushapimwa. Mimi niache, tafadhali."

Aliinuka, akachukua kikombe changu kwenda kukiosha, na kutoka huko jikoni akasema, "Nenda mama, mvua isikunyeshee njiani." Ilikuwa Februari. Hakukuwa na hata wingu.

Nilianza matibabu watu wakipanda mahindi. Nusu ya dawa daktari aliipata kwa mpango wa msaada, nusu nyingine Rashidi aliitafuta kwa kukodisha shamba letu la Tongaren, na sitaki kulizungumza zaidi kwa sababu yeye mwenyewe hapendi. Ilikuwa sindano moja kila wiki na vidonge asubuhi na jioni, wiki arobaini na nane. Tulichagua Ijumaa, baada ya sala, ili niugue Jumamosi na Jumapili Rashidi akiwa hana haraka na wateja.

Sindano zilitakiwa kukaa kwenye baridi lakini zisigande, nasi hatukuwa na friji. Jirani yetu Mama Njoroge alikuwa nayo, ya kuwekea soda na maziwa dukani kwake. Watu wake walihamia huku kutoka Nyeri tangu zamani, ni Mkristo wa kuimba kwaya, na hakuniuliza dawa ni ya nini. Alitoa maziwa ya rafu ya juu, akaweka boksi langu, akaandika kwenye katoni kwa kalamu nene: DAWA YA MAMA MWANAIDI, USIGUSE. Stima ikipotea alikuwa anaizuia friji isifunguliwe, wateja wakitaka soda anawaambia waende mbele.

Ijumaa ya kwanza nilitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Blanketi tatu, na Rashidi juu yake. Hiyo hupungua, nakuahidi. Kufikia mwezi wa pili wa matibabu nilikuwa nimejua mwendo wake, naingia kitandani kabla haijafika. Kisha zikaja shida nyingine. Nywele zilianza kubaki kwenye mtandio. Chakula chote kikawa na ladha ya msumari. Nilikonda hadi pete ikawa inaanguka kwenye maji ya kuoshea vyombo. Nikipanda ngazi tatu za baraza, moyo unapiga kama nimebeba gunia.

Kibaya zaidi zilikuwa hasira, na hizi hakuna aliyeniambia vizuri, kwa hivyo nakuambia mimi. Nililia bila sababu na kufoka bila sababu. Siku moja nilimrushia Rashidi mwiko, ukapita karibu na sikio. Aliuokota, akauosha, akaurudisha mahali pake. "Mama Mwanaidi," akasema, "leo umeamka na nguvu." Nilicheka nikilia. Mwambie daktari wako kuhusu hasira hizo na huzuni, usizifiche kwa kuona haya. Mimi nilipomwambia alinisaidia, na nilijilaumu kwa kunyamaza miezi minne.

Lakini kabla mahindi hayajafika magotini kulikuwa na kazi niliyokuwa naikwepa. Kama ningemwomba Mwanaidi apimwe nikawanyamazia wengine, ningekuwa mama wa aina gani? Alhamisi moja, baada ya darasa la wanawake msikitini, nikaomba kusema. Nikasimama nimeshikilia dirisha. Nikawaambia nina ugonjwa gani, na kwamba kila niliyemuumika akapimwe damu. Nikawaonyesha mkono.

Mmoja akasema, "Kwani si ulikuwa unapaka spiriti?"

"Nilipaka. Haikutosha."

"Na hii yote ulikuwa unajua?"

"Wallahi sikujua."

Mwingine akavaa viatu akatoka bila kuaga. Mwingine, mtu mzima ambaye nilimuumika tangu enzi za mama, akaja akanishika mabega akasema tutakwenda pamoja. Habari ilifika kwa Mama Njoroge kabla sijafika nyumbani. Nilimkuta amesimama mlangoni mwa duka, mikono kiunoni.

"Wewe! Na mimi huu mgongo ulinipasua mara ngapi?"

"Mara mbili, Mama Njoroge. Nisamehe."

"Ngai! Sasa utaniombea msamaha nikiwa nimesimama hapa? Ngoja nifunge duka, tuende nipimwe."

Alikuwa salama. Alipopewa majibu alininunulia maandazi mimi, bado sijaelewa kwa nini. Wengi wa wale wanawake walikuwa salama pia. Mmoja hakuwa. Jina lake silitaji, lakini ameshaanza safari yake ya matibabu, na yeye ndiye aliyeniambia niandike haya. Pembe nilizichoma nyuma ya nyumba. Sisemi kwamba kuumika ni dhambi. Nasema kama unaumikwa, au unanyolewa, au unatobolewa masikio, wembe na sindano vifunguliwe kwenye karatasi mbele ya macho yako, na visirudi kwa mtu mwingine.

Kila mwezi nilipokwenda Bungoma kuonana na daktari, nilipita kwa Mwanaidi. Mlango haukufunguliwa. Agosti, mahindi mabichi yakichomwa kila kona, mkwe wangu alinipigia simu kwamba wamepata mtoto wa kike. Kwetu mama ndiye huenda kumlea bintiye arobaini nzima, amkande, ampikie uji. Sikuitwa. Alikuja mama mkwe wake kutoka Mumias. Usiku ule Rashidi hakujaribu kunifariji, alikaa tu nami.

Mwezi uliofuata nilibeba kilo mbili za unga wa wimbi, niliousafisha mwenyewe, nikauacha mlangoni kwake. Niliporudi mwezi mwingine, mfuko ulikuwa umekunjwa vizuri, umewekwa dirishani kwa nje. Nikajaza tena. Hatukuzungumza, lakini alikuwa anakula.

Ramadhani ikaingia watu wakivuna. Daktari alinikataza kufunga, na mimi sikuwahi kula mchana wa Ramadhani tangu utoto isipokuwa kwa hedhi na uzazi. Niliona aibu hata mbele ya paka. Rashidi, ambaye alikuwa amefunga, ambaye maisha yake yote hakuwahi kushika sufuria, alinipikia uji kila adhuhuri. Ulikuwa na madonge. Alikaa mbele yangu na njaa yake akihakikisha naumaliza.

Baada ya Idi nilikuwa kwenye benchi Bungoma, nangoja kutolewa damu, nimejiegemeza ukutani nimefumba macho. Mtu akakaa karibu yangu. Nikasikia harufu ya mafuta ya mtoto.

"Shikamoo, mama."

Nikafumbua macho. Mwanaidi alikuwa na mtoto kifuani na karatasi mkononi.

"Nilipimwa damu mimba ikiwa na miezi sita," akasema, akiangalia mbele. "Ile ya kwanza ilionyesha virusi viliwahi kuingia. Nataka leo nitoe ya pili."

"Miezi yote hiyo? Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka nikukasirikie kwanza nimalize."

"Umemaliza?"

Akafikiri. "Bado kidogo."

Alitoa damu siku ile, mimi nimemshika mkono wa pili. Wakati tunangoja majibu alikuja kukaa nasi Kitale wiki tatu. Hakuwa na maneno mengi. Ila jioni alinikalisha chini, akanipaka mafuta ya nazi kichwani, polepole, kwenye nywele chache zilizobaki, akizigawa kana kwamba anataka kunisuka. Mtoto wake sikumshika. Daktari alishasema hakuna hatari yoyote kumbeba, Rashidi alikuwa anazunguka naye mtaani kutwa, lakini mimi mikono ilikataa. Mwanaidi alipokuwa akimleta karibu nilisema nina kazi, nikainuka nikaenda kufagia palipofagiliwa.

Majibu yalitoka Januari. Tuliingia kwa daktari wote watatu, mtoto amefungwa mgongoni kwa mama yake. Daktari alisoma karatasi, akairudia, muda ule nikaomba kimoyomoyo kwamba kama kuna wa kubaki na ugonjwa niwe mimi, nichukue na wake.

"Havipo," akasema. "Mwili wako ulivifukuza wenyewe, zamani. Na kuhusu mtoto, usiwe na wasiwasi."

Nilishika meza. Daktari akaendelea, kwa sababu madaktari hawajui kunyamaza penye kunyamaza. "Lakini ujue jambo moja. Kile kipimo cha kwanza kitaendelea kuonyesha alama. Popote utakapopimwa watashtuka. Uwaambie wafanye cha pili."

"Mpaka lini?" Mwanaidi akauliza.

"Maisha yako yote."

Mwanaidi akanigeukia. Tangu siku ile aliyoniambia ana mimba hakuwa amenitazama usoni namna ile, na mimi nilikuwa tayari kwa lolote ambalo angesema, maana lilikuwa haki yake.

"Basi wakiniuliza nimeitoa wapi," akasema, "nitawaambia nimerithi kwa mama yangu. Pamoja na hii pua."

Daktari akacheka. Mimi nikaangua kilio pale pale, mtu mzima, mpaka muuguzi akachungulia kutoka mlangoni. "Usilie mama," akasema, "si majibu ni mazuri?" Mwanaidi alikuwa anafungua leso. Akamzungusha mtoto kutoka mgongoni, akaniwekea mikononi bila kuniuliza, akaondoa mikono yake. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani.